Uvimbe wa Korodani Unaotii ACTH: Homoni Zake Zisomwe Kabla ya Kisu

Madaktari, matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wa picha, nanyi mnaoishi na ugonjwa wa kuzaliwa wa kukua kwa adrenali pamoja na familia zenu, asanteni kwa kufika.

Naanza na picha ya ultrasaundi. Ni korodani mbili. Ndani ya kila moja, upande wa nyuma pale mishipa ya damu inapoingia na vijia vya mbegu vinapotoka, kuna doa jeusi kuliko nyama inayolizunguka, lenye kingo za mawimbi. Ripoti imeandikwa: “Uvimbe wa korodani pande zote mbili, saratani haiwezi kukanushwa.” Wiki inayofuata mwenye picha yuko kwenye orodha ya upasuaji, zitolewe zote mbili. Tafuta kwenye fomu yote ya kuomba picha: hakuna aliyeandika kwamba kijana huyu anameza haidrokortisoni, dawa ya kufidia homoni ya adrenali, tangu akiwa mtoto mchanga.

Hoja yangu leo ni moja. Uvimbe wa namna hii hutengeneza homoni, na homoni hizo ndizo zinazotuambia umetoka wapi, unalishwa na nini na utibiwe vipi. Atakayezisoma vizuri hatakimbilia kisu.

Tuanze na asili yake. Mimba ikiwa changa, seli zitakazokuwa gamba la tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, huota jirani kabisa na seli zitakazokuwa korodani. Korodani zinaposhuka kuelekea kwenye mfuko wake, baadhi ya seli za adrenali hubebwa nazo njiani. Madaktari wanaopasua watoto wa kiume wenye ngiri wanazijua: vinundu vidogo vya manjano kwenye kamba ya korodani. Kwa watoto wengi masalia haya hunywea yenyewe kwa kukosa cha kuyalisha.

Chakula chake ni ACTH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo ili kuiamrisha adrenali ifanye kazi. Mtu mwenye afya ana ACTH ya kiasi, kwa sababu kortisoli, homoni ambayo adrenali huitengeneza kwa amri hiyo, ikishatosha huirudisha chini. Mwenye ugonjwa wa kuzaliwa wa kukua kwa adrenali, unaofupishwa CAH, kortisoli yake haitoshi. Pituitari haipati ishara ya kutulia, ACTH inapanda na kubaki juu, na masalia yaliyokuwa yafe yanapata karamu.

Zaidi ya tisa kati ya kila wagonjwa kumi wa CAH wana kasoro kwenye jeni iitwayo CYP21A2, inayotengeneza kimeng'enya cha 21-hidroksilesi. Aina kali ya ugonjwa huu hupata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ni wa kurithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Kundi dogo lina kasoro kwenye 11-beta-hidroksilesi, na hao nao hupata uvimbe huu. Umeonekana pia, kwa nadra sana, kwa watu ambao ACTH yao ilipanda kwa sababu nyingine, kama wenye ugonjwa wa Addison au waliotolewa adrenali zote mbili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1940 daktari wa watoto Lawson Wilkins na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walieleza habari za mtoto wa kiume aliyebalehe kabla ya wakati na kufa kwa kuishiwa homoni za adrenali. Ndani ya korodani zake kulikuwa na tishu ya adrenali. Miaka kumi baadaye Wilkins huyohuyo alionyesha kwamba kotisoni inaweza kuzima homoni za kiume zinazozidi katika CAH. Ukiweka matukio hayo mawili pamoja, ugonjwa na tiba yake vilikuwa vimeshaelezwa kufikia 1950, na bado leo kuna watu wanaotolewa korodani bure.

Sasa tuje kwenye homoni zenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye nyama.

Adrenali huanza na kolesteroli. Baada ya hatua kadhaa inapata 17-hidroksiprojesteroni, ambayo tutaiita 17OHP. Kwa kawaida 21-hidroksilesi huichukua na kuigeuza kuwa 11-deoksikortisoli, kisha 11-beta-hidroksilesi huimalizia ikawa kortisoli. Kimeng'enya cha 21 kisipofanya kazi, 17OHP hurundikana. Barabara kuu ikifungwa magari hayalali pale, yanaingia vichochoroni. Kichochoro cha kwanza ni androjeni, yaani homoni za kiume: androstenedioni, na kutoka hapo testosteroni. Cha pili hakifahamiki sana, nacho ndicho muhimu zaidi kwetu leo. Kile kimeng'enya cha 11, kilichokuwa kikisubiri 11-deoksikortisoli, sasa hakina kazi, hivyo kinashika kilicho karibu. Kikiishika 17OHP inatoka 21-deoksikortisoli. Kikiishika androstenedioni, baada ya hatua nyingine mbili inapatikana 11-ketotestosteroni, androjeni yenye nguvu inayokaribia ile ya testosteroni. Kipimo cha kawaida cha testosteroni hakiihesabu.

Kwa nini nasisitiza kimeng'enya cha 11? Kwa sababu ni alama ya adrenali. Seli za kawaida za korodani, zile za Leydig zinazotengeneza testosteroni, hazina haja nacho. Mwaka 2007 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichukua damu kwenye vena inayotoka korodanini kwa wanaume wenye CAH waliokuwa wakipasuliwa uvimbe huu, wakailinganisha na damu ya mkononi. Ile ya korodanini ilikuwa na 21-deoksikortisoli, 17OHP na androstenedioni nyingi zaidi. Ndani ya uvimbe wenyewe walikuta ujumbe wa jeni za vimeng'enya vya adrenali, pamoja na vipokezi vya ACTH na vya angiotensini II, homoni inayopanda mwili ukipoteza chumvi. Maana yake uvimbe unafanya kazi ya adrenali ukiwa ndani ya korodani, na unapokea amri zilezile.

Mwaka 2015 likaongezeka jambo. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba seli za uvimbe huu zina tabia za adrenali na za seli za Leydig kwa pamoja, hata kipokezi cha LH, homoni ya pituitari inayoziamsha seli za Leydig, kimo, na kimeng'enya kinachogeuza androstenedioni kuwa testosteroni. Kwa hiyo hadithi ya masalia yaliyopotea njia huenda haitoshi, na wapo wanaoona kwamba chanzo ni seli changa ambazo zingeweza kuwa adrenali au korodani. Mimi naona ubishi huo hautubadilishii tiba, ila unatusaidia kuelewa kwa nini uvimbe hukua sana baada ya kubalehe, wakati LH inapopanda. Kazi za baadaye za Wamarekani na Waholanzi zimethibitisha kwamba uvimbe hutoa 11-ketotestosteroni na ndugu zake, na kwamba wanaume wenye uvimbe huwa na kiwango chake juu zaidi damuni.

Haya, homoni hizo zinamfanyia nini mwenyewe? Pituitari haiulizi androjeni imetoka wapi. Ikiona nyingi inapunguza LH na mwenzake FSH, homoni zake mbili zinazoamrisha korodani. LH ikipungua, seli za Leydig zinalala. FSH ikipungua, uzalishaji wa mbegu unadorora. Testosteroni kwenye karatasi inaweza kusomeka safi kabisa, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Testosteroni 14 nmol/L. Ukiitazama peke yake utasema kijana mzima huyu. Androstenedioni 21 nmol/L. LH chini ya 0.1, FSH 0.3. Gawanya androstenedioni kwa testosteroni: 21 kwa 14 ni 1.5. Kwa mwanaume mwenye afya androstenedioni ni sehemu ndogo tu ya testosteroni, kwa kawaida haifiki nusu. Uwiano ukizidi 1, testosteroni hiyo kwa sehemu kubwa imetoka adrenali au kwenye uvimbe, na korodani zenyewe zimelala. Sasa tiba ikae sawa kwa miezi kadhaa: testosteroni 15, androstenedioni 4, LH 3.8. Testosteroni imebadilika kwa nambari moja tu, lakini ni testosteroni nyingine kabisa, ya korodani.

Wataalamu wa maabara, kuna mtego hapa. Uwiano huu hauna maana kama vipimio havilingani. Androstenedioni ikitolewa kwa ng/mL, zidisha kwa 3.49 upate nmol/L. Testosteroni ya ng/mL zidisha kwa 3.47, na ile ya ng/dL igawe kwanza kwa 100. Nimetaja hili kwa sababu mara nyingi testosteroni inapimwa hapahapa na androstenedioni inasafirishwa nje, na majibu yanarudi kwa vipimio viwili tofauti kwenye faili moja. Damu ichukuliwe asubuhi, na saa iandikwe, pamoja na saa ya dozi ya mwisho. 17OHP iliyochukuliwa kabla ya dozi na ile ya saa mbili baada ya dozi ni kama za watu wawili. Mgonjwa akiwa anatumia prednisoloni, msihangaike kumpima kortisoli, kwani dawa hiyo huingiliana na vipimo vingi na kutoa kortisoli ya uongo.

Na 17OHP isishushwe mpaka iwe ya kawaida. Ikiwa ya kawaida kabisa kwa mgonjwa wa CAH, tafsiri yake ni kwamba dawa imezidi. Kinacholengwa ni androstenedioni irudi kwenye mipaka ya kawaida, na LH iamke.

FSH nayo ina habari yake. Ikiwa chini pamoja na LH, tatizo liko kwenye ukandamizaji, na tiba inaweza kuliondoa. LH ikiwa sawa na FSH imepanda, hasa inhibini B, homoni inayotoka kwenye mirija hiyo ya mbegu, ikiwa chini, mirija inayozaa mbegu imeshaumia. Hapo tunazungumza na mgonjwa kwa lugha nyingine.

Uvimbe hauharibu kwa homoni peke yake. Mahali ulipokaa ndipo pabaya: kwenye mtandao wa vijia vinavyokusanya mbegu kutoka mirija yote kwenda kwenye epididimisi. Hata uvimbe mdogo ukibana hapo, mbegu hazina pa kupita na mirija inaanza kufa kwa shinikizo. Watafiti wa Nijmegen wameugawa mwendo wake katika hatua tano. Ya kwanza ni seli ambazo ultrasaundi haizioni. Ya pili ni vinundu vidogo vinavyoonekana. Ya tatu, vinakua na kuanza kubana. Ya nne, makovu yanaingia ndani ya uvimbe. Ya tano, nyama ya korodani imeharibika isirudi. Dawa husaidia hatua za mwanzo. Kovu halina kipokezi cha ACTH.

Mkono haufai kuutafuta. Uvimbe wa chini ya sentimita 2 kwa kawaida haushikiki kwa sababu umejificha katikati, na kijana haumwi chochote. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2018 unataka wanaume wote wenye CAH kali wapigwe ultrasaundi mara kwa mara. Anza miaka ya kubalehe, na mapema zaidi kwa mtoto ambaye dawa zake zimeyumba. Wachunguzi wa Uholanzi waliukuta kwa wavulana 8 kati ya 34, wote wakiwa chini ya miaka 19, na ukijumlisha tafiti za watu wazima, zaidi ya theluthi wanao.

Kwa wapiga picha: tumieni probu ya mstari ya 7.5 MHz au zaidi, pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Pimeni vipenyo vitatu vya kila kinundu, zidisheni, kisha mara 0.52. Kinundu cha sentimita 2.4 kwa 1.6 kwa 1.5 kina mililita 3. Nambari hiyo iandikwe, maana “kinundu kimepungua kidogo” haimsaidii atakayesoma baada ya mwaka. Washeni Dopla. Mishipa ya damu huupita uvimbe huu bila kupinda wala kubadilika unene, jambo ambalo saratani kwa kawaida haifanyi. Uvimbe mkongwe wenye makovu unaweza kung'aa badala ya kuwa mweusi, msishangae.

Kinachochanganywa nao zaidi ni uvimbe wa seli za Leydig, kwa sababu hata chini ya hadubini vinafanana. Ule wa Leydig kwa kawaida uko upande mmoja, na kwa watu wazima takriban 1 kati ya 10 ni saratani. Huu wetu mara nyingi uko pande zote mbili na haujulikani kugeuka saratani. Daktari wa patholojia akiona fuwele za Reinke, ni Leydig. Asipoziona hajathibitisha chochote, maana nyingi za Leydig hazina. Alama za uvimbe kama AFP na beta-hCG zipimwe, zinatarajiwa kuwa za kawaida. Lakini kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni swali: una CAH? Na kwa asiyejua, 17OHP ya asubuhi kabla ya kukata korodani pande mbili. Nchi zetu hazipimi watoto wote wachanga kwa ugonjwa huu, na mvulana mwenye aina isiyopoteza chumvi anaweza kufika utu uzima akijulikana tu kama yule aliyeota ndevu mapema na kubaki mfupi.

Tiba huanza na kurekebisha dawa. Mtu mzima kwa kawaida hutumia haidrokortisoni mg 15 hadi 25 kwa siku ikigawanywa mara mbili au tatu, au prednisoloni mg 4 hadi 6, pamoja na fludrokortisoni, dawa ya kutunza chumvi mwilini, mg 0.05 hadi 0.2. Uvimbe ukionekana, swali la kwanza ni la kawaida kabisa: dawa zinamezwa? Vijana wengi huziacha wakitoka mikononi mwa mama. Zikiwa zinamezwa na uwiano bado uko juu, madaktari wengi huongeza nguvu usiku, hasa kwa deksamethasoni mg 0.25 hadi 0.5 wakati wa kulala, ili kuziba ACTH inayopanda alfajiri. Deksamethasoni inazima ACTH kwa nguvu kubwa kuliko majedwali ya kulinganisha steroidi yanavyoonyesha. Kidonge kimoja cha 0.5 kinachouzwa hovyo madukani kama dawa ya kunenepa kinatosha kumletea mtu huyu uso wa mviringo, sukari na mifupa dhaifu akikitumia muda mrefu bila kuangaliwa. Uzito, shinikizo la damu na sukari vipimwe kila anapokuja, na dozi ishushwe mara lengo likifikiwa.

Fludrokortisoni msiisahau. Chumvi ikipotea, renini na angiotensini II hupanda, na nimeshasema uvimbe una kipokezi chake. Anayefanya kazi ya jasho kwenye joto la pwani anapoteza chumvi zaidi ya yule wa ofisini. Pimeni potasiamu, shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, na renini inapopatikana.

Mjulisheni mgonjwa kwamba wiki za kwanza anaweza kujisikia vibaya: androjeni ya adrenali imeshuka na korodani hazijaamka, hivyo nguvu na hamu vinapungua. Kosa linalofanyika hapa ni kumchoma testosteroni. Inazima LH upya na kumaliza hata mbegu chache zilizobaki.

Uzalishaji wa mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu, kwa hiyo kipimo cha manii kirudiwe baada ya miezi mitatu ya homoni zilizotulia, si kabla. Na kama mbegu zipo leo, hata chache, zungumzeni leo kuhusu kuzigandisha, ingawa kijana bado hajafikiria kuoa.

Upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha korodani una nafasi yake: maumivu, au uvimbe mkubwa usiosikia dawa. Ila usiahidi watoto. Wanaume 8 waliofanyiwa huko Nijmegen walitolewa uvimbe vizuri, lakini kazi ya korodani haikuimarika. Walikuwa wamechelewa. Siku ya upasuaji wowote, hata wa jino kwa ganzi ya mwili mzima, mgonjwa huyu apewe haidrokortisoni mg 100 ya sindano mwanzoni, kisha mg 200 kwa saa 24 mpaka aweze kumeza. Uvimbe kutolewa hakumponyi CAH. Anayeambiwa “umepona, acha dawa” anarudi kwa machela akiwa na shinikizo lililoanguka na sukari iliyoshuka.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha krineserfonti, kidonge kinachozuia amri ya ubongo kwa pituitari ili ACTH ishuke bila kuongeza steroidi. Kwa uvimbe unaoishi kwa ACTH, mantiki yake inavutia. Lakini haijaja kuchukua nafasi ya haidrokortisoni, na kwa bei yake ya sasa sioni ikikaa karibuni kwenye duka la dawa la wilaya, ambako hata fludrokortisoni bado inatafutwa kwa tochi.

Tupokee maswali. Mliokuja na majibu ya maabara, kabla ya kunyoosha mkono angalieni kipimio kilichoandikwa pembeni ya androstenedioni, na saa damu ilipochukuliwa.